Barakoa, Kasri na Usiku: Uigizaji katika Kumbukumbu za Sayyida Salme

Utangulizi

Kabla ya mwaka 2020, neno barakoa lilikuwa neno la kamusi na la watu wa pwani. Maradhi ya korona yalipoingia Kenya mwezi Machi mwaka huo, na serikali ikaagiza kila abiria afunike pua na mdomo, neno hilo lilipanda matatu. Lilisikika katikati ya jiji la Nairobi, likasikika Muthangari, likafika Kawangware, vinywani mwa makondakta waliomkataza mtu kuingia garini uso wazi. Kwa maana yake hiyo mpya, barakoa ilikuwa kitambaa cha shilingi chache kilichompasa kila mtu, tajiri na maskini. Barakoa ya zamani, ile iliyovaliwa Unguja katika karne ya 19, ilikuwa kinyume chake kabisa. Si kila mtu aliyeruhusiwa kuivaa.

Makala haya yanaichunguza barakoa hiyo ya zamani kama leba la kuigizia. Matini inayohusika ni kumbukumbu za Sayyida Salme binti Said, bintiye Seyyid Said bin Sultan, zilizochapishwa kwa Kijerumani mjini Berlin mwaka 1886 kwa jina la Memoiren einer arabischen Prinzessin, mwandishi akiwa amekwisha kuitwa Emily Ruete. Kitabu hiki husomwa mara nyingi kama ghala la habari. Mwanahistoria hukipekua akitafuta maisha ya masuria, vyakula vya Ramadhani, au mpangilio wa vyumba vya Bet el-Mtoni na Bet el-Sahel, naye huvipata anavyovitafuta. Lakini kitabu hiki ni masimulizi pia, na kama masimulizi yote, kina msimulizi anayechagua ni lini afunue na ni lini afunike. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba uchaguzi huo hudhihirika zaidi pale nyakati mbili zinapowekwa ubavu kwa ubavu: usiku wa Oktoba 1859, ambao Salme anausimulia kama tamthilia kamili yenye jukwaa, maleba na hadhira, na kuondoka kwake Unguja mnamo Agosti 1866, ambako anakupitia kwa maneno machache mno.

Huenda pakaulizwa ikiwa kitabu kilichoandikwa kwa Kijerumani kina nafasi katika jarida la Kiswahili. Swali hilo ni la haki, ingawa jibu lake si gumu. Msimulizi alilelewa katika Kiarabu na Kiswahili; watu anaowasimulia walisemezana kwa lugha hizo; na mambo anayoyaeleza, kuanzia shela hadi siku ya Mwaka, hayana majina yanayotosha katika Kijerumani. Mandhari ni ya Uswahilini. Lugha ya uandishi ndiyo iliyo ugenini, na jambo hilo lenyewe ni sehemu ya mjadala huu, kwa kuwa lugha ya kigeni nayo yaweza kuwa kifuniko cha uso.

Dansa ya Ulaya na msafara wa Unguja

Mwezi Februari mwaka 1859, miezi minane kabla ya usiku utakaozungumziwa hapa, opera ya Giuseppe Verdi iitwayo Un ballo in maschera ilionyeshwa Roma kwa mara ya kwanza. Kisa chake chatokana na kifo cha Mfalme Gustav III wa Uswidi, aliyepigwa risasi mwaka 1792 katika dansa ya barakoa kwenye jumba la opera la Stockholm. Wakaguzi wa serikali hawakutaka jukwaani mfalme wa Ulaya anayeuawa na watu wake, hivyo Verdi alilazimika kukihamishia kisa hicho Boston na kumgeuza mfalme kuwa gavana. Yaani hata mchezo kuhusu barakoa ulibidi uvishwe barakoa ndipo upite mlangoni.

Kinachohusu makala haya ni jinsi barakoa inavyofanya kazi katika dansa ya namna hiyo. Watu wa tabaka mbalimbali wanachangamana, nyuso zimefichwa, na cheo kimefichwa pamoja nazo. Tatizo la wauaji katika opera ya Verdi ni kutomjua wanayemtafuta. Hawawezi kumgusa mpaka mmoja wao amdadisi kijana mtumishi na kuambiwa bwana wake amevaa vazi gani. Mikhail Bakhtin, katika kitabu chake juu ya Rabelais kilichotoka mwaka 1965, anaihusisha barakoa ya sherehe za Ulaya na furaha ya mageuko: mtu huuacha utu wake wa kila siku, aliye chini hupanda, aliye juu hushuka, na kwa muda mfupi ulimwengu hupinduliwa. Nadharia hiyo imewasaidia sana wahakiki wa fasihi ya Kiafrika, hasa katika uchambuzi wa kejeli ya wanyonge dhidi ya watawala. Kwa bahati mbaya imezoeleka mno, kiasi kwamba kila panapotajwa uso uliofunikwa hutarajiwa mapinduzi.

Msafara wa usiku wa mabibi wa Unguja unaikataa nadharia hiyo tangu hatua ya kwanza. Kwa maelezo ya Salme, mwanamke wa ukoo wa kifalme hakutoka nyumbani mchana. Alitoka jua likishakuchwa, akiwa amejifunika shela, barakoa usoni, mbele yake watumishi wamebeba mafanusi makubwa, nyuma yake kundi la wajakazi. Barakoa yenyewe ilikuwa ya kitambaa cheusi cha thamani, imetiwa nakshi za nyuzi za dhahabu na fedha, ikiacha macho wazi. Mjakazi hakuivaa. Katika pwani ya kaskazini, Lamu na Mombasa, desturi iliyokaribiana na hiyo ilikuwa ya shiraa, kitambaa kipana kilichoshikiliwa na watumwa kama hema linalotembea, bibi akiwa ndani yake. Kwa hiyo aliyesimama njiani akaona mwanga wa mafanusi unakuja, kisha nyuso wazi za wajakazi, kisha katikati nyuso zilizofunikwa, hakuwa na haja ya kuuliza ni nani anayepita. Uso ulifichwa, cheo kikatangazwa. Hapa ndipo dansa ya Stockholm na msafara wa Unguja zinapoachana: kule barakoa humfanya mfalme aonekane kama mtu yeyote, huku humfanya bibi asiweze kudhaniwa kuwa mtu mwingine.

Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini ndiyo iliyomwokoa Barghash.

Usiku wa Oktoba 1859

Seyyid Said alifariki baharini mwaka 1856, akarithiwa Unguja na mwanawe Majid. Ndugu yao Barghash hakuridhika. Akaanza kukusanya watu dhidi ya Majid, na miongoni mwa waliojiunga naye walikuwamo dada zake, Khole akiwa mstari wa mbele. Salme, ambaye mwaka huohuo wa 1859 alikuwa amefiwa na mama yake kwa kipindupindu, alivutwa ndani ya njama hiyo kwa mapenzi yake kwa Khole. Umri wake ulikuwa miaka 15. Alikuwa na jambo moja ambalo wenziwe hawakuwa nalo: alijua kuandika. Alikuwa amejifundisha kwa siri, akiiga herufi za Msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia, kwa kuwa mabinti wa kasri walifundishwa kusoma tu. Ujuzi huo wa kuibia ukamfanya kuwa mwandishi wa waasi. Barua za njama zilitoka mkononi mwake.

Majid alipogundua, aliizingira nyumba ya Barghash kwa askari, chakula na maji vikawa havipiti. Hapo ndipo wanawake walipobuni mpango. Usiku, Khole na Salme na wafuasi wao walitoka katika msafara wa kawaida wa mabibi wanaokwenda kuzuru jamaa. Askari wakawazuia. Mabinti hao wakataka kusema na mkuu wa kikosi, wakasogea wenyewe mbele yake, wakaomba waruhusiwe kuwaona ndugu zao walio ndani. Mkuu wa askari akafadhaika, akawaruhusu. Ndani ya nyumba walimkuta Barghash, wakamweleza kwamba njia ya kutokea ni moja tu: avae mavazi ya kike. Akakataa. Wakambembeleza mpaka akakubali, wakamfunika akiwa na silaha zake, yakabaki macho peke yake. Mdogo wake Abdulaziz naye akafunikwa. Wanawake warefu kuliko wote wakachaguliwa watembee kandokando yao, ili kimo cha Barghash kisionekane cha ajabu. Msafara ukatoka. Askari wakaupisha kwa heshima.

Kwa muhtasari huu kisa chaweza kudhaniwa kuwa kipande cha hadithi ya ujasiri, kilichotiwa kitabuni ili kumchangamsha msomaji wa Berlin. Usomaji wa makini unaonyesha mengine. Kwanza, Salme anakipanga kwa taratibu za jukwaa. Kuna mandhari moja, nyumba na njia iliyo mbele yake. Kuna muda mmoja, usiku. Kuna maingilio na matokeo. Kuna kuvishana maleba, kazi ambayo kwa kawaida hufanyika nyuma ya pazia lakini ambayo hapa msomaji anafunguliwa mlango aishuhudie. Taharuki haitokani na swali la nini kitatendeka, maana msomaji anajua mpango mzima kabla haujatekelezwa. Inatokana na swali la kiigizaji kabisa: je, mwanamume huyu ataweza kutembea kama bibi hatua kadhaa zinazotosha?

Pili, hadhira ya mchezo huu ni askari, nao wanashindwa kwa kuwa wanajua mno. Laiti wangekuwa wageni wasiozielewa desturi za nchi, wangemsogelea kila aliyetoka wakamtazama. Wao walilelewa kujua kwamba uso wa binti wa Seyyid Said haukodolewi macho. Barakoa haikuwadanganya kuhusu mtu aliyekuwa ndani yake. Iliwakumbusha wao ni nani. Katika dansa ya Verdi muuaji humtafuta mtu nyuma ya vazi. Hapa askari analitazama vazi, anainamisha kichwa, na mtu anayetafutwa anapita. Hakuna kilichopinduliwa katika utaratibu wa nchi usiku ule. Utaratibu ulifuatwa kwa ukamilifu, na katika kufuatwa kwake ukamtoa mwasi nje. Bakhtin hana sura ya kuweka jambo hili.

Tatu, kuna suala la sauti, na hapa ndipo msimulizi anapokaa zaidi kuliko katika silaha na mavazi. Bibi wa cheo hakusema na mwanamume asiyekuwa maharimu wake. Mabinti hawa walisogea mbele ya askari usiku, wakasema. Fadhaa ya mkuu wa kikosi haikutokana na hoja walizotoa. Ilitokana na kule kuisikia sauti tu. Barakoa inayofunika uso haiwezi kufunika sauti, na kwa hiyo sauti ndiyo iliyowekwa rehani. Ili kumvika Barghash heshima isiyokuwa yake, walilazimika kuitumia heshima yao wenyewe mbele ya watu ambao kesho yake wangeweza kusimulia. Ni biashara ya hatari, na anayesoma kisa hiki kama mzaha wa mwanamume aliyevaa shela hataiona.

Mzaha hata hivyo upo. Kukataa kwa Barghash ni kwa kuchekesha na Salme anajua hivyo. Mtu anayetaka kumpindua nduguye, ambaye amezingirwa na hana maji, anasita mbele ya kipande cha kitambaa. Anaona aibu ya vazi kuliko aibu ya kukamatwa. Mwanamume huyu ndiye atakayekuwa Sultani mwaka 1870 na kujenga Bet el-Ajaib mwaka 1883, na wakati Salme anaandika, Barghash angali katika kiti hicho. Kumweka sultani aliye hai katika shela mbele ya wasomaji wa Ulaya hakukuwa jambo la bahati nasibu. Msomaji anayejua kwamba mwaka 1885 Salme alirudi Unguja chini ya ulinzi wa jeshi la majini la Ujerumani, na kwamba Barghash alikataa kumpokea, ataisoma kurasa hiyo ya kuvishwa kwa jicho jingine. Aliyekataa kuuona uso wa dada yake aliwahi kuokolewa na barakoa ya dada zake. Kitabu hakisemi hivyo. Kinapanga tu matukio, kikamwachia msomaji ayaunganishe.

Wanawake warefu

Katika mchezo wowote ule pana wahusika wanaobeba mzigo pasipo kutajwa. Wanawake warefu walioteuliwa kumzunguka Barghash ni wahusika wa aina hiyo. Bila wao mpango wote ungeanguka, kwa maana shela huficha uso na umbo lakini haifichi kimo. Salme anawataja kwa urefu wao, basi. Hawana majina, hawana neno lolote wanalosema, wala haielezwi kama waliulizwa.

Hatari yao ilikuwa tofauti na ya mabibi. Khole na Salme walijua kwamba, wakigunduliwa, wangebaki kuwa mabinti wa Seyyid Said, na kweli Majid hakuwatendea kisasi. Salme mwenyewe anamsifu kwa upole wake na kujilaumu kwa kumsaliti. Wafuasi wa kike katika msafara wa kifalme walikuwa kwa sehemu kubwa watumwa na watumishi, na hakuna cheo ambacho kingewakinga na hasira za askari waliodanganywa. Barakoa iliyowalinda mabibi haikuwahusu wao. Kwa miili yao walitengeneza ukuta wa kumkinga mtu, na katika masimulizi wamebaki kuwa ukuta.

Ni hapa ambapo kitabu cha Salme kinahitaji kusomwa sambamba na riwaya ya Adam Shafi, Kasri ya Mwinyi Fuad, iliyotoka mwaka 1978. Shafi anaitazama kasri kutoka jikoni na shambani, kwa macho ya wanaotumwa, na jumba lilelile ambalo kwa Salme ni utoto uliopotea, kwake ni mahali pa kuteswa. Haifai kusema kwamba mmoja ni mkweli na mwingine mwongo. Ila riwaya ya Shafi humfundisha msomaji swali ambalo angeweza kulisahau katika mvuto wa usiku wa 1859: hawa waliokuwa wamebeba mafanusi, walirudi wapi? Salme anaeleza jinsi waasi walivyokwenda kujikusanya katika shamba la Marseille, jinsi jeshi la Majid likisaidiwa na Waingereza lilivyowashinda, na jinsi Barghash alivyopelekwa Bombay. Kuhusu wale warefu hakuna mstari. Msimulizi anayejua kufunua hila ya shela hakufikiri kwamba hapo napo palikuwa na kitu cha kufunuliwa, na kasoro hiyo ni kubwa kuliko upendeleo wake wa kisiasa ambao wasomaji wengi wameulalamikia.

Gunia la Nairobi

Yafaa kuivusha hoja hii kutoka kisiwani hadi bara, kwani Nairobi nayo imewahi kuwa na barakoa yake ya kisiasa. Tarehe 24 Aprili 1954 serikali ya kikoloni ilianza Operesheni Anvil, msako mkubwa uliokusudia kuing'oa Mau Mau jijini. Wakazi wa asili ya Kikuyu, Embu na Meru walikusanywa kwa maelfu, wakapangwa mistari, wakapitishwa mbele ya mtu aliyefunikwa gunia tangu kichwani, limetobolewa matundu mawili ya macho. Watu walimwita gakunia. Hakusema. Alitikisa kichwa, na kwa kutikisa huko mtu akapelekwa kizuizini.

Ukilinganishwa na msafara wa Unguja, mpangilio wa jukwaa umegeuzwa kabisa. Usiku wa 1859 waliofunikwa ndio waliokuwa wakitafutwa, na wenye silaha walikuwa uso wazi. Mwaka 1954 aliyefunikwa alisimama upande wa wenye silaha, mchana kweupe, na waliokuwa uso wazi ndio waliohukumiwa. Shela liliwalazimisha askari kuinamisha macho. Gunia lilimpa aliye ndani yake uwezo wa kutazama bila kutazamwa. Mabinti wa Seyyid Said walitoa sauti na kuficha uso, gakunia akaficha vyote viwili na kubakiza kichwa kinachotikisika. Hata nyenzo zenyewe zinasema: kitambaa cheusi chenye nakshi za dhahabu kwa upande mmoja, gunia la kawaida kwa upande mwingine. Gunia halikutangaza cheo chochote, maana aliyelivaa hakuwa na cheo. Alikuwa na kazi tu, na kesho yake alirudi kuwa jirani wa mtu.

Ulinganishi huu haukusudii kuyasawazisha matukio mawili yasiyokuwa na uzito mmoja. Faida yake kwa mhakiki ni kumwonya dhidi ya tafsiri inayokwenda peke yake. Barakoa haina maana moja ya kudumu, ya uasi au ya utawala. Maana yake hutokana na jibu la swali moja la kiutendaji: kati ya aliyeivaa na aliye mbele yake, ni nani aliyelazimika kuangalia chini?

Agosti 1866

Yabaki kuondoka kwa Salme mwenyewe. Baada ya kushindwa kwa Barghash aliishi kwa upweke, akapatana na Majid, na kupatana huko kukamtenga na Khole. Katika mji wa Unguja nyumba yake ilipakana na ya mfanyabiashara mdogo wa Kijerumani kutoka Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Salme anaeleza kwamba kutoka juu kwake aliweza kuona chini makazi ya jirani, na kwamba jirani huyo aliandaa karamu za wanaume ili amwonyeshe jinsi Wazungu wanavyokula. Ni onyesho fupi na la ajabu. Karamu nzima imepangwa kwa ajili ya mtazamaji mmoja asiyeonekana. Walioketi mezani ni waigizaji, pengine bila kujua. Na aliyelelewa kupita njiani amefunikwa huku wengine wakipisha, sasa ndiye hadhira.

Baada ya hapo masimulizi yanafunga. Msimulizi anasema kwamba aliondoka kwa manowari ya Kiingereza Highflyer, kwamba alikaa Aden, kwamba alibatizwa na kuolewa huko, kisha akasafiri kwenda Ulaya. Ndoa hiyo ilifungwa mwezi Mei 1867. Habari nyingine hutoka kwa watu wengine: kwamba alikuwa mjamzito alipoondoka, jambo lililoyaweka maisha yake hatarini, kwamba mtoto huyo alizaliwa Aden mwezi Desemba 1866 na kufariki akiwa mchanga, na kwamba kwa masimulizi ya wakati ule alitoroka katika siku ya Mwaka, alipokwenda ufukoni pamoja na wanawake wengine kwa kisingizio cha kuoga maji ya bahari kama ilivyo desturi. Ikiwa hilo la mwisho ni sahihi, basi mpango wa 1866 ni ndugu wa mpango wa 1859. Kwa mara nyingine kundi la wanawake, desturi ambayo hakuna anayeweza kuizuia, na mtu mmoja katikati yao ambaye hatarudi. Mwanafunzi wa usiku ule wa kwanza alikuwa amelielewa somo.

Lakini safari hii hakuna maleba yanayovishwa mbele ya msomaji. Hakuna mabishano mlangoni, hakuna hesabu ya kimo cha mtu. Msomaji wa haraka atasema kwamba mwandishi aliona haya, akiandikia jamii ya Wajerumani wa 1886 akiwa mjane mwenye watoto wa kulea, na jibu hilo lina ukweli wake. Ila haya peke yake haielezi tofauti ya fani. Mtu mwenye haya angeweza kuficha ujauzito na bado akasimulia mashua, giza, mabaharia, moyo unaodunda. Salme aliyasimulia hayo yote alipomhusu Barghash. Alipofika kwake alirudi katika adabu ya zamani ya kasri, ile aliyoieleza kwa kirefu katika sura za mavazi: unaweza kuyaona mafanusi, unaweza kuona kwamba kuna mtu, na macho yanakutazama, usisogee. Mkristo wa Hamburg aliyevaa nguo za Kizungu anaandika ukurasa uliovaa barakoa. Na kwa kuwa barakoa ya Unguja ilificha uso na kutangaza cheo, ukurasa huo nao unatangaza. Kila anayeusoma anajua kwamba anapitiwa na jambo kubwa.

Ipo picha yake maarufu iliyopigwa Hamburg miaka michache baada ya kufika, katika studio ya H. F. Plate, akiwa amevaa mavazi kamili ya binti wa kifalme wa Unguja, vito mwilini, uso wazi mbele ya kamera. Wachapishaji wameitumia mno kama ushahidi wa alivyokuwa nyumbani kwao. Nyumbani kwao asingeonekana hivyo na mwanamume mgeni. Vazi limekuwa leba, studio imekuwa jukwaa, na kitu kimoja tu kilichokuwa kikikamilisha vazi hilo nje ya mlango wa kasri hakiko usoni pake. Mwaka 1885, aliporudi Unguja akiwa na mavazi ya Kizungu, watu walimfuata njiani mchana, wakamsalimu. Alipita karibu na majumba yaleyale ya ufukoni. Hakukuwa na askari wa kumpisha, wala wanawake warefu kandokando yake, na dirishani kwa ndugu yake hakuna aliyetoka.